Namba ya baba

Baba mdogo alinipigia saa nne usiku. Kwetu simu ya saa hizo huwa ya msiba au ya kuombwa hela, kwa hiyo nilikaa vizuri kitandani kwanza ndipo nikapokea.

“Shikamoo ba'mdogo.”

“Marahaba. Uko peke yako?”

“Niko peke yangu.”

“Kaka wamempima kansa. Imetoka.”

“Imetoka vipi?”

“Mistari miwili. Kama kile cha mimba.”

Hapo nilipumua kidogo, na nadhani alinisikia, maana alikasirika. Mtu kaambiwa ndugu yake ana kansa, wewe unashusha pumzi! Ila mimi kazi yangu ni maabara, huu mwaka wa kumi na tisa, na mistari miwili ya tezi dume najua inasema nini na haisemi nini.

Kwanza nieleze kwa nini habari ilipitia kwa baba mdogo. Baba yangu ana miaka 71, mstaafu wa reli, anaishi Korogwe. Mimi niko Tanga mjini, kila siku nachoma sindano wanaume wa umri wake na kusoma namba zao bila kupepesa jicho. Lakini baba hawezi kutamka neno tezi dume mbele ya binti yake, nami siwezi kumuuliza mkojo wake unatokaje. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo miezi yote hii baba mdogo amekuwa posta yetu: namwambia yeye, yeye anamwambia kaka yake, jibu linarudi likiwa limetiwa chumvi kidogo.

Mambo yalikuwa hivi. Palikuwa na kambi ya kupima bure kwenye uwanja wa shule: presha, sukari, macho, na kwa wazee wa kiume tezi dume. Tone la damu ya kidoleni, kikaseti cha plastiki, dakika chache, mistari. Kijana aliyempima akamwambia, “Mzee hapa pana shida, nenda hospitali kubwa,” kisha akaita anayefuata. Baba alirudi nyumbani akalala mchana kweupe, jambo ambalo mama anasema hajawahi kuliona tangu amuoe.

Nikamuuliza baba mdogo: “Siku za karibuni mkojo wake umekuwaje?”

Kimya. Halafu: “Uliziba. Wakamwekea mpira kituo cha afya. Alikaa nao siku saba, wakautoa Jumanne.”

“Na kambi ilikuwa lini?”

“Ijumaa.”

Siku tatu! Mpira wa mkojo umepita katikati ya tezi, umelala humo wiki nzima, umetolewa, na siku ya tatu mtu anapimwa protini inayovuja kutoka tezi hiyo hiyo. Hakuna aliyemuuliza. Swali moja tu, “Mzee, umewekwa mpira hivi karibuni?”, lingempunguzia baba usiku kadhaa bila usingizi.

Sasa hiyo protini. Sisi maabara tunaiita PSA, pii-esi-ei, na wagonjwa nao wamezoea kuiita hivyo. Watu wengi wanadhani ni protini ya kansa. Siyo. Ni protini ya tezi dume, nzima au mgonjwa. Mwanaume yeyote mwenye tezi anayo, na ina kazi yake halali: ni kimeng'enya kinachoyeyusha shahawa baada ya kutoka, ili mbegu zipate kuogelea. (Wazee wangu mnaosoma hapa, mnisamehe, ndiyo kazi yenyewe.) Mle ndani imejaa tele. Kwenye damu inaponyoka kidogo mno, karibu mara milioni pungufu, ndiyo maana tunaihesabu kwa nanogramu, na gramu moja ina nanogramu bilioni moja.

Inaponyokaje? Tezi imejengwa kama vichumba vingi vidogo. Ukuta wa ndani una seli zinazotengeneza PSA na kuimimina katikati ya chumba, na nje ya hizo kuna safu nyingine ya seli za msingi, kisha utando. Ilimradi ukuta ni mzima, PSA inabaki upande wake. Kansa huja bila safu ile ya msingi na hutoboa utando, kwa hiyo inavuja. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba seli ya kansa yenyewe, moja kwa moja, kwa kawaida hutengeneza PSA pungufu kuliko seli nzima. Namba inapanda kwa sababu nyumba imebomoka, na nyumba inaweza kubomolewa na mengine. Uambukizi wa tezi unabomoa. Mkojo kuziba, mpira, sindano ya kuchukulia kinyama cha kupima, vyote vinabomoa kwa muda. Na tezi iliyokua tu kwa uzee ina vichumba vingi zaidi, basi inavuja zaidi bila kuwa na kansa hata chembe.

Kile kikaseti cha kambini hakijui hata kimoja kati ya hayo. Kimewekewa mpaka wa 4, yaani nanogramu 4 katika mililita moja ya damu. Ikifika 4 na kuendelea, mstari wa pili unatokea. Mwenye 4.2 na mwenye 420 wote wanarudi nyumbani na mistari miwili.

Jumapili nilipanda kosta kwenda Korogwe na kiboksi changu cha barafu. Baba alikuwa ukumbini, amevaa shati la mikono mirefu, mkono wa kushoto kaupandisha tayari. Hakuna aliyesema kitu. Nilimfunga mpira juu ya kiwiko, mshipa ukakwepa kama kawaida ya mishipa ya wazee, nikatumia ile sindano ndogo ya kipepeo. Yeye alikuwa anaangalia kalenda ya mwaka juzi ukutani. Damu ilipofika kwenye chupa akauliza:

“Ndiyo hiyo tu?”

“Ndiyo hiyo tu, baba.”

“Nilisikia kipimo chake ni kibaya.”

Nikajifanya sijaelewa. Nchi hii ukisema tezi dume, mtu anasikia kidole. Utani wake umejaa kwenye simu za watu, na najua wanaume walioamua kufa na siri yao kuliko kulala kwenye kile kitanda. Nitafika huko.

Nilipitia zahanati ya rafiki yangu tukaizungusha damu palepale, maana nilitaka kupima na PSA huru (nitaieleza mbele), na hiyo haipendi kukaa muda mrefu pamoja na chembe za damu. Jumatatu asubuhi nikaiweka kwenye mashine yetu. Kontroli, zile sampuli za kuhakiki mashine, zilikuwa zimekaa sawa. Ikatoka 11.4.

Nilisema sitaogopa. Niliogopa. Kuona namba hiyo kwenye jina la baba yako si sawa na kuiona kwenye jina la mzee Fulani wa dirishani. Nilimwambia baba mdogo kwamba hatupimi tena mpaka wiki nane zipite, na katikati yake asiguswe na mtu.

Wiki nane ni ndefu. PSA yenyewe haikai sana mwilini, nusu yake huondoka kwenye damu kwa siku mbili tatu, lakini tezi iliyovimba haitulii kwa siku mbili tatu. Ndani ya wiki hizo akatokea muuza dawa. Chupa tatu za mitishamba, shilingi 60,000, “inayeyusha tezi na kushusha namba”. Baba akanunua, mama akaniambia.

Niseme wazi, sina ugomvi na miti shamba. Bibi yangu alinitibu kwa majani kabla sijajua maabara ni nini. Ninachogombana nacho ni ahadi ya kushusha namba. Namba inashuka kwa njia nyingi, na si zote ni kupona. Marekani kulikuwa na vidonge vya mitishamba vilivyoitwa PC-SPES, vikisifiwa kwamba vinashusha PSA, na kweli vilishusha. Mwaka 2002 viliondolewa sokoni. Vilipochunguzwa vilikutwa na dawa za viwandani ndani yake, ikiwemo homoni ya kike ya kutengenezwa na dawa ya kuzuia damu kuganda. Na hata dawa halali ya hospitali, finasteridi, wanayopewa wazee ili tezi isinyae, ikitumiwa miezi sita mpaka mwaka hukata PSA karibu nusu. Mzee mwenzake baba wa bao anaitumia. Anajivunia 3.8 yake kijiweni. Namba yake ya kweli ya kufikiria ni kama 7.6, na sijui kama kuna aliyewahi kumwambia.

Kuna jambo langu mwenyewe linalonifanya nisiiamini namba iliyosimama peke yake. Miaka ya mwanzo kazini nilitoa jibu la mzee mmoja: 14. Nikasaini. Mchana daktari akapiga simu, hana hasira, sauti ya mtu aliyechoka: “Dada, huyu mgongo wake umeliwa, miguu haina nguvu. Hiyo 14 irudie.” Nikarudia, 14 ile ile. Mkuu wangu akaniambia niizimue mara mia. Nilipozidisha tena, namba ilikuwa maelfu.

Mashine ile ya zamani ilikuwa inatumia kingamwili mbili kwa mpigo mmoja: moja inaishika PSA upande huu, ya pili upande ule, na ya pili ndiyo imebeba kitu kinachowaka. Mashine inahesabu tu zile zilizoshikwa na wote wawili. Fikiria mizigo ya kubebwa na watu wawili wawili pale stendi. Mizigo ikiwa mingi kupita kiasi, kila mbebaji anajishikia wake, mizigo iliyobebwa na wawili inakuwa michache, na anayehesabu kwa mbali anasema leo biashara ni ndogo. Nilikuwa nimesoma hilo chuoni, nikalijibu kwenye mtihani, nikafaulu. Siku ile kwenye benchi sikulikumbuka. Mzee yule aliponea kwa daktari aliyetazama miguu kabla ya karatasi.

Wiki nane zikaisha. Safari hii baba alikuja Tanga mwenyewe na mdogo wake. PSA 7.2. Imeshuka, na muuza dawa angepokea sifa zote kama nisingekuwepo. Lakini bado iko kwenye lile eneo la 4 mpaka 10 ambalo wenye kansa na wasio nayo wanachanganyika vibaya.

Ndipo PSA huru inapofaa. Kwenye damu, PSA nyingi hutembea ikiwa imeng'ang'aniwa na protini nyingine inayoizuia isikatekate vitu. Kiasi kidogo hutembea huru. Kwa sababu ambazo wanasayansi wa Sweden na Finland walianza kuzionyesha mwaka 1991, kwa mwenye kansa fungu lile la huru huwa dogo. Utafiti wa Marekani uliotoka 1998 ulipima wanaume wa eneo hilohilo la 4 mpaka 10: waliokuwa na huru asilimia 10 au chini, zaidi ya nusu walikutwa na kansa. Waliozidi asilimia 25, ni 8 tu katika 100. Ya baba ilikuwa asilimia 14. Yaani katikati, pasipo huku wala kule. Siku hizi kuna vipimo vilivyojengwa juu ya hapo, vinavyohesabu aina za PSA ambazo hazijakomaa, lakini kwenye maabara yetu havipo, na hata vingekuwepo bei yake ni shughuli.

Kwa hiyo, kidole.

Sikuwepo, bila shaka. Baba mdogo ndiye aliyemsindikiza kwa daktari wa njia ya mkojo, na ndiye aliyesimulia. Kaka yake alitoka kimya, wakapanda basi kimya, wakavuka Muheza kimya, kisha akasema: “Ni sekunde tu.” Basi. Hakuongeza.

Kumbe katika sekunde hizo daktari alihisi kitu ambacho mashine yangu haiwezi kukihisi: upande wa kushoto, sehemu ndogo ngumu. Kansa nyingi za tezi dume, kama 70 katika 100, huanzia upande wa nyuma ambao ukuta wake umepakana na njia ya haja kubwa. Kidole kinafika hapo moja kwa moja. Nawaambia wanaume wanaokuja dirishani wakidai “nipime ile ya damu tu, nimalizane nayo”: damu haimalizi. Katika jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 2004, wanaume karibu 3,000 ambao PSA yao haikuwahi kuzidi 4 walichukuliwa kinyama mwishoni. Kama 15 katika kila 100 walikuwa na kansa. Si zote zilikuwa za kuua, lakini zilikuwepo.

Ultrasaundi ikasema tezi ina mililita 62, kubwa, karibu mara tatu ya ya kijana. Ukigawanya 7.2 kwa 62 unapata chini kidogo ya 0.12, nayo hiyo inatia moyo, maana wengi huanza kushtuka kwenye 0.15. Lakini kile kigumu cha kushoto hakigawanyiki. Ikaamuliwa kinyama. Antibayotiki, ganzi, sindano kumi na mbili kwenye sehemu kumi na mbili. Baba alikojoa damu siku mbili, akaambiwa ni kawaida, akakaa sawa.

Halafu tukasubiri. Kinyama hakisomwi siku hiyo hiyo. Kinalala kwenye fomalini, kinagandishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba vya mikroni chache, kinapakwa rangi ya zambarau na waridi. Jibu la kwanza likaja: kumi na moja safi, uzee na uvimbe wa kawaida. Kimoja, cha kushoto, kina vichumba vichache vidogo vyenye mashaka. Mashaka! Wiki tatu halafu unapewa mashaka.

Daktari bingwa wa patholojia aliyekishughulikia ni mtu ninayefahamiana naye kikazi. Akaniambia ameagiza rangi za ziada, zikitoka niende nikaone kama nitaweza kuangalia. Nilienda. Nataka kusimulia nilichokiona, kwa sababu miaka yote hii nilikuwa mtu wa damu, nasoma namba, na ile ndiyo siku ya kwanza niliiona nyumba ya PSA kwa macho yangu.

Rangi hizo si rangi tu. Ni kingamwili, kama zile za mashine yangu, lakini zinamwagwa juu ya kinyama chenyewe kwenye kioo, na pale zinaposhika protini yake panageuka kahawia. Alinionyesha kwanza sehemu nzima. Kila kichumba kimezungukwa na vidoti vya kahawia, kimoja kimoja, kama mkufu wa shanga shingoni. Vile vidoti ni viini vya zile seli za msingi, zinashikwa na kingamwili inayotafuta protini yao iitwayo p63. “Huu ukuta mzima,” akasema. Akasogeza kioo kidogo sana. Vichumba sita au saba, vidogo, vimebanana kama vibanda vya sokoni, na shingoni havina kitu. Peupe. Nikaangalia tena, nikarekebisha darubini, nikidhani ni macho. Hakuna hata shanga moja.

“Sasa ona hiki,” akabadilisha kioo. Hapa ilikuwa protini nyingine, AMACR, kimeng'enya cha kuchoma mafuta ambacho seli za kansa ya tezi dume hukitengeneza kupita kiasi. Vile vichumba sita saba visivyo na mkufu vilikuwa vimejaa punje za kahawia, kama mtu kavinyunyizia unga wa kahawa. Majirani zao wazima, karibu weupe.

Kimoja kimekosekana, kingine kimezidi. Kimoja peke yake kisingetosha, maana kuna vichumba vizima vilivyosinyaa ambavyo shanga zao zimechakaa, na AMACR nayo wakati mwingine hujitokeza pasipo kansa. Alinieleza haya yote nami nikawa naitikia, huku moyoni nasema tu, hii ni ya baba.

Ilikuwa kansa. Ndogo, chini ya milimita mbili kwenye kinyama kimoja kati ya kumi na mbili, Gleason, yaani alama ya ukali wa kansa, 3+3, kundi la 1, la chini kabisa katika makundi matano. Ya aina ambayo mzee wa miaka 71 anaweza kuishi nayo mpaka aondoke kwa jambo lingine. Ushauri ukawa asikatwe wala asichomwe mionzi sasa, afuatiliwe: damu kila miezi sita, kidole kila mwaka, kinyama tena baadaye.

Jaribu kumweleza baba mdogo hilo. “Ana kansa lakini hatibiwi?” Alidhani tumekosa hela tunamficha. Ilibidi daktari mwenyewe azungumze naye kwenye simu.

Ugomvi huo wa baba mdogo ni ule ule wa wakubwa. Richard Ablin, mmoja wa watu walioandika mapema kuhusu protini za tezi dume mwaka 1970, aliandika gazetini New York mwaka 2010 akilalamika kwamba kupima wanaume wote ovyo kumegeuka biashara na balaa. Mwaka mmoja kabla yake jaribio la Ulaya lilikuwa limeonyesha kwamba kupima kunapunguza vifo, lakini kwa miaka tisa ilibidi wapimwe 1,410 na watibiwe 48 ili mmoja asife kwa ugonjwa huo. Kati ya wale 47 wengine wapo waliobaki na mkojo unaovuja au ndoa iliyopoa, kwa ugonjwa ambao labda usingewafanya kitu. Naelewa hoja hiyo. Lakini nikiwa kwenye dirisha langu naona sura nyingine: wazee wanaoletwa kwa mkokoteni wa pikipiki, migongo inauma, PSA 300, 900. Kwetu tatizo kubwa bado ni kuchelewa. Ndiyo maana kambi za bure sizipingi. Napinga kambi inayofunga turubai jioni na kuondoka, ikiacha mistari miwili kwenye mikono ya mzee asiyejua basi lipi la kupanda.

Mwezi wa nne baba alitushangaza. Alikwenda Dar es Salaam kwenye harusi, na bila kumwambia mtu akaingia maabara moja akapima. 5.8. Akarudi anacheka, akampigia muuza dawa kumpongeza, akaagiza chupa nyingine mbili. Nikamtoa damu wiki ile ile. Kwetu: 7.1.

Hakuna aliyekosea. Mashine za PSA hazikuwekewa kipimo kimoja. Nyingine zimepangwa kwa kipimo cha zamani cha waliotangulia kuitengeneza, nyingine kwa kile cha Shirika la Afya Duniani, na damu ile ile inaweza kutofautiana kwa asilimia 20 au zaidi kati ya hizo mbili. Ni kama kupima mchele kwa kisado cha duka hili na kisado cha duka lile. Ndiyo maana mtu anayefuatiliwa tunamwambia abaki kwenye maabara moja. Nilimchorea baba mdogo kwenye bahasha visado viwili, akaenda nayo Korogwe. Chupa mbili zilikuwa zimeshalipiwa.

Sasa baba kaizoea namba yake. Nasikia kijiweni kwenye bao wanaitaja kama wanavyotaja bei ya mahindi, mwenye 3.8, mwenye 7, mmoja aliyekataa kupima na wanamcheka. Mbele yangu bado hatutamki kitu. Juzi alinipigia mwenyewe, si kupitia posta, mara ya kwanza kwa jambo hili.

“Mama, ile miezi imefika.”

“Ndiyo baba. Nakuja Jumapili.”

“Njoo na ile sindano ya kipepeo. Na safari hii mkono wa kulia, wa kushoto umechoka.”

“Sawa baba.”

“Na majibu usiyatume kwa meseji, mama yako anazisoma zote. Mpigie baba yako mdogo.”